Alexander Whyte: Mzee wa miaka 64 aliyeanzisha bustani ya Entebbe

Anayepita leo katika bonde la Nakivubo, katikati ya Kampala, huona uwanja wa michezo uliofunguliwa upya mwaka 2024, maduka yaliyobanana, watu wasiohesabika, na mfereji wa zege unaoyachukua maji ya mvua pamoja na taka za mji kuyapeleka Ziwa Victoria. Ni vigumu kuamini kwamba mwishoni mwa karne ya 19 bonde hilihili, linalopita chini ya vilima vya Mengo na Nakasero, lilikuwa kinamasi cha mafunjo. Katika mabonde ya namna hiyo, pale ardhi oevu inapokutana na nchi kavu, ndipo hupenda kuota mkindu, mtende wa porini ambao Waganda huuita mukindu, na ambao makuti yake machanga husukwa mikeka na vikapu.

Siku hizi mwenye nyumba mjini Kampala anayetaka kupendezesha kiambo chake hununua mche wa mtende wa mapambo uliotoka mbali, akaupanda langoni. Mkindu hauulizii. Desturi hii ya kutafuta mmea wa mbali, kuujaribu, na kuupanda kwa safu mbele ya nyumba ina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilianzia Entebbe mwaka 1898. Aliyeianzisha ni Alexander Whyte, mwanamimea ambaye jina lake limebaki katika majina ya kitaalamu ya miti na ndege wa Afrika. Makala haya yanasimulia maisha yake, na swali ambalo maisha hayo yametuachia: mmea husalimika kwa sababu ya aliyeugundua, au kwa sababu ya anayeutunza?

Kutoka Uskoti hadi Ceylon

Whyte alizaliwa Uskoti mwaka 1834. Nchi yake ilikuwa ya baridi na mawe, lakini karne ile iliwatoa Waskoti wengi wakaenda kuwa mabaharia, madaktari, wamishonari na wakulima wa mashamba makubwa katika makoloni ya Uingereza. Whyte alielekea Ceylon, kisiwa ambacho leo kinaitwa Sri Lanka, na huko aliishi miaka mingi. Alikusanya ndege, wadudu na mimea, na alijifunza kilimo cha nchi za joto kwa njia isiyo na njia ya mkato: kuishi nacho msimu baada ya msimu.

Hakuna mahali palipofaa zaidi kwa mafunzo hayo. Karibu na mji wa Kandy ipo bustani ya Peradeniya, iliyoanzishwa mwaka 1821, ambayo mitende yake ilisifika duniani kote. Ceylon pia ndiko ilikopelekwa miche ya mpira iliyooteshwa katika Bustani ya Kifalme ya Kew, London, kutokana na mbegu zilizotolewa Brazili mwaka 1876. Bustani za aina hiyo zilikuwa vituo vya biashara na utawala kuliko mahali pa matembezi. Mbegu ilitoka bara moja, ikaoteshwa katika bara la pili, na faida yake ikavunwa katika bara la tatu.

Ceylon ilifundisha pia somo chungu. Mwaka 1869 iligunduliwa huko kutu ya majani ya kahawa, ugonjwa wa ukungu ambao katika miaka michache uliangamiza mashamba yaliyokuwa fahari ya kisiwa. Wenye mashamba waling'oa mibuni wakapanda chai. Kila mkulima wa kisiwani alielewa kwamba nchi inayotegemea mmea mmoja tu imejenga nyumba yake juu ya nguzo moja.

Mlima Mulanje na mti uliopewa jina lake

Mwaka 1891 Harry Johnston, mtawala wa Kiingereza aliyekuwa pia mpenzi mkubwa wa elimu ya viumbe, alikwenda kuanzisha serikali ya kikoloni katika nchi ambayo sasa ni Malawi. Alimchukua Whyte awe mtaalamu wake wa mimea na wanyama. Whyte alikuwa na miaka 57, umri ambao wenzake wengi walikuwa wakifikiria kurudi nyumbani kupumzika.

Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo alipanda Mlima Mulanje, ambao kilele chake, Sapitwa, kina mita 3,002. Katika mabonde ya juu, penye ukungu na baridi, alikuta misitu ya mti mrefu wenye mbao nyekundu za kunukia zisizoliwa na mchwa. Wenyeji waliufahamu mti huo vizuri, wakauita mkunguza. Vielelezo alivyokusanya vilipelekwa London, na mwaka 1894 mti ukapewa jina la kitaalamu Widdringtonia whytei, yaani Widdringtonia ya Whyte. Wengi huuita mwerezi wa Mulanje. Ndege mmoja wa jamii ya zuwakulu anayepatikana kusini na mashariki mwa Afrika naye akaitwa kwa jina lake.

Chini ya mlima wa Zomba Whyte alianzisha bustani ya mimea iliyozunguka makazi ya serikali. Alisafiri pia hadi nyanda za juu za Nyika mwaka 1896 akiongeza hazina ya mimea iliyokaushwa. Kufikia alipoondoka, alikuwa na sifa mbili ambazo mara chache hukaa kwa mtu mmoja: uwezo wa kutembea mwituni na kuutambua mmea usiojulikana na wataalamu, na subira ya kukaa kitaluni akingoja mbegu ichipue.

Safari ya mche kwenda Uganda

Mwaka 1898 Whyte alifika Uganda kuanzisha bustani ya mimea. Nchi ilikuwa haijatulia. Mwaka uliotangulia Kabaka Mwanga aliasi dhidi ya Waingereza, na askari wa Kisudani, ambao vizazi vyao ndio Wanubi wa leo, waliasi pia kwa sababu ya ujira duni na safari zisizokwisha. Makao makuu ya utawala yalikuwa Entebbe, rasi inayoingia ndani ya Ziwa Victoria karibu kabisa na mstari wa ikweta.

Msomaji wa leo aliyezoea kununua mche na kuufikisha nyumbani kwa bodaboda atafakari maana ya kuleta mche Entebbe mwaka ule. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imefika eneo la Tsavo tu. Haikugusa ziwa hadi Desemba 1901. Kilomita mamia zilizobaki zilikuwa za miguu. Safari ya msafara kutoka pwani hadi Uganda ilichukua yapata miezi mitatu, na kila mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani.

Kwa mimea, safari hiyo ilikuwa hukumu. Mbegu nyingi za nchi za joto hazivumilii kukauka. Mbegu ya kakao au ya mpira ikikaa majuma machache bila unyevu imekwisha kufa. Baharini zilitumika sanduku za vioo zilizobuniwa na daktari Mwingereza Nathaniel Ward, ambamo mche hukaa na unyevu wake wenyewe kama ulio katika nchi ndogo iliyofungwa. Bara hakukuwa na meli. Kilichokuwako ni shingo za watu, na kibuyu cha maji kwenye kivuli cha kituo.

Hapo ndipo historia ya bustani inapokutana na historia ya lugha yetu. Lugha ya misafara ilikuwa Kiswahili. Wapagazi wa pwani, Wanyamwezi na wengine waliopita njia hiyo walielewana kwa Kiswahili, na Kiswahili kiliingia Buganda pamoja na mizigo yao na ya wafanyabiashara waliowatangulia. Hata neno la Kiganda mukeeka lilitokana na mkeka wa pwani. Kwa hiyo Kiswahili nchini Uganda hakikuja na askari peke yao. Kilikuja pia na mbegu, nguo, vitabu na miche, juu ya mabega ya watu ambao hakuna mti uliopewa jina lao.

Bustani kando ya ziwa

Mahali palipochaguliwa palikuwa mteremko wa kuelekea ziwani, wenye msitu wa asili, udongo mzuri na mvua ya kutosha. Bustani ya Entebbe leo ina takriban hekta 40. Si msitu wote uliofyekwa. Sehemu yake iliachwa, na hata sasa mgeni anayeingia hupita kutoka nyasi zilizokatwa vizuri hadi kwenye giza la miti mikubwa yenye kutambaliwa na mizabibu mwitu.

Kazi ya bustani ilikuwa kujaribu mazao. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, uliosimamiwa na Harry Johnston yuleyule wa Malawi, uliweka kodi ya nyumba ya rupia tatu. Lakini kodi hailipwi na mtu asiye na cha kuuza, na serikali ilitaka kujua ni kipi kinaweza kulimwa kikauzwa nje. Kahawa, kakao, mpira na mimea mingine mingi ya kigeni ilijaribiwa Entebbe katika miaka hiyo ya mwanzo. Mingine ilikubali nchi, mingine ilikataa. Mpira ulichipua vizuri, lakini haukuifanya Uganda nchi ya mpira. Kahawa ilikuja kuwa uhai wa uchumi.

Pamoja na mazao hayo ilikuwapo jamii ya mitende, na hapa bustani ilifunza mambo ambayo kila mpanda mtende anapaswa kuyajua hadi leo. Mnazi, malkia wa pwani, hauzai vizuri Entebbe, kwa kuwa rasi hiyo iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na usiku wake una ubaridi. Mchikichi, wenye asili ya Afrika ya Magharibi na Kongo, hupenda joto lenye mvua na hustahimili hali ya ziwani. Mwale, wenye majani marefu kuliko karibu mimea yote duniani, hutaka matope na maji. Shina lake huzaa mara moja tu, kisha hufa. Na mkindu haukuhitaji kuletwa na mtu yeyote, kwa sababu ulikuwa kwao.

Tofauti ya mtende na mti wa kawaida ndiyo inayowaponza wengi. Mwembe ukikatwa tawi huchipua jingine. Mtende una moyo mmoja kileleni mwa kila shina, na majani yote hutoka hapo. Moyo huo ukikatwa, ukioza, au ukitobolewa na mdudu chonga, shina zima hufa hata kama mizizi ni mizima. Ndiyo maana mtunza bustani mzoefu haukati ovyo majani ya kijani ili mtende uonekane nadhifu. Huyaondoa yaliyokauka tu. Huupanda mche mwanzoni mwa mvua, haufukii shingo yake kwa udongo, na huutilia kivuli miezi ya mwanzo. Huweka majani makavu na mboji kuzunguka shina bila kuligusa. Ni kazi ya miaka, na tuzo yake mara nyingi huonwa na mwingine.

Whyte alilijua hilo. Mtu anayepanda miti akiwa na miaka 64 hapandi kwa ajili ya kivuli chake mwenyewe.

Pwani, Liberia na mwisho wa safari

Hakukaa Entebbe muda mrefu. Mwanzoni mwa karne ya 20 bustani ilipita mikononi mwa wataalamu wengine, na Whyte alihamia utawala wa Afrika ya Mashariki ya Kiingereza, yaani Kenya ya sasa. Huko alisafiri katika ukanda wa pwani akichunguza mimea na uwezo wa kilimo, na ripoti ya safari hiyo ilichapishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1903. Kwa mara nyingine mzee huyu alikuwa katikati ya minazi, mikoko na mipira ya mwituni, katika nchi ambayo wenyeji wake walikuwa na jina kwa kila hatua ya maisha ya nazi, tangu kidaka hadi dafu, koroma na nazi yenyewe.

Mwaka 1904, akiwa na miaka 70, alikuwa Liberia akikusanya mimea ya misitu ya mvua, nchi ambayo Johnston naye alikuwa na shughuli zake na aliyoandikia kitabu kikubwa. Mikusanyiko hiyo ilikwenda Kew kama mingine iliyoitangulia. Whyte alifariki Uingereza mwezi wa Desemba 1908, akiwa na miaka 74. Alikuwa ameacha alama Ceylon, Malawi, Uganda, Kenya na Liberia.

Jina lililobaki, mti uliotoweka

Maisha ya mtu kama huyu yanaweza kusimuliwa kama hadithi ya ushindi. Ukweli una pande mbili.

Upande mmoja ni Entebbe. Bustani imedumu kwa zaidi ya miaka 120, imepita vita viwili vya dunia, uhuru wa mwaka 1962, miaka ya machafuko na miaka ya amani. Haikudumu kwa sababu ya jina la mwanzilishi. Imedumu kwa sababu kila kizazi kilikuwa na watu waliofagia njia zake, waliokata nyasi, waliootesha mbegu na kuziba mapengo ya miti iliyoanguka.

Upande wa pili ni Mulanje. Mwerezi unaobeba jina la Whyte ulitangazwa kuwa mti wa taifa wa Malawi mwaka 1984. Heshima hiyo haikuuokoa. Mbao zake zilipendwa mno kwa maboti, paa na samani. Ukataji haramu na moto wa misitu vikauandama hadi mwishoni mwa miaka ya 2010, ambapo miti mikubwa ya porini ilikuwa karibu imekwisha kabisa mlimani. Tangu hapo taasisi za Malawi, kwa ushirikiano na wataalamu wa bustani za mimea duniani, zimekuwa zikiotesha na kupanda miche kwa wingi pamoja na wanavijiji wa chini ya mlima. Jina la kitaalamu halijawahi kumwagilia mche maji. Wanaoumwagilia ni wanavijiji hao.

Ndipo tunaporudi Nakivubo. Kinamasi kilichokuwa hapo kilikuwa na kazi. Mizizi ya mafunjo huchuja uchafu, na udongo wa bonde hunywa maji ya mvua kama sifongo kabla ya kuyaachia ziwa polepole. Sehemu ya chini ya bonde, kuelekea Bugolobi, Luzira na Ghuba ya Murchison, bado ina ardhi oevu inayoifanya kazi hiyo, ingawa imebanwa na viwanda, makazi na mashamba ya mayugwa. Ghuba hiyohiyo ndiyo inayochotwa maji ya kunywa ya Kampala huko Gaba. Kila kipande cha kinamasi kinachofukiwa huongeza mzigo kwa mitambo ya kusafisha maji, na huwarudishia mafuriko walio kando ya mfereji, ambao wengi wao ni wachuuzi na wapangaji wa hali ya chini, wakiwemo wasemaji wa Kiswahili waliotoka pande nyingi za Afrika ya Mashariki na Kongo.

Wala si kosa kupenda mtende uliotoka mbali. Mwembe, mpapai na mparachichi vyote vilikuwa wageni Uganda kabla ya kuwa wenyeji. Kosa ni kudhani kwamba kilicho chetu kitajilinda chenyewe. Mkindu huota kwa vichipukizi na kwa mbegu. Mmea wa kiume na wa kike huwa mbali mbali, kwa hiyo anayetaka matunda apande zaidi ya mmoja. Huvumilia maji yaliyotuama, hushika udongo wa kingo za mifereji, na hutoa makuti ya mikeka kwa yule asiyekata moyo wake. Una miiba mikali, hivyo usipandwe mahali wanapochezea watoto. Ukivunwa kwa kiasi, jani moja au mawili machanga kwa kila shina, huendelea kutoa miaka mingi. Ukivunwa kwa pupa, hudumaa.

Katika mji unaohesabu kila futi ya ardhi kwa fedha, safu ya mikindu kando ya mfereji yaweza kuonekana kama anasa. Bei yake hujulikana siku mvua inaponyesha. Alexander Whyte alipofika Entebbe alikuta msitu na ufuko, akachagua nini cha kufyeka na nini cha kuacha, na sehemu ya kile alichokiacha bado imesimama. Uchaguzi huohuo sasa uko Nakivubo, na wa kuuamua si mtaalamu kutoka ng'ambo bali wakazi wa bonde, halmashauri ya jiji na kila mwenye kiambo anayekwenda kununua mche wake msimu wa mvua.